Sikio ndilo hakimu, si bei

Usiache mbachao kwa msala upitao. Wosia huu wawafaa sana wapenzi wa muziki wanaodhani kwamba sauti safi haipatikani ila kwa fedha nyingi.

Mnamo Desemba 1994, kampuni ya Sony ilizindua nchini Japani PlayStation, mtambo wa michezo ya video. Kwa kuwa michezo yenyewe ilihifadhiwa katika sidii, mtambo huo uliweza pia kupiga sidii za muziki. Matoleo ya awali yalikuwa na matundu mawili ya sauti kwa nyuma, la kushoto na la kulia, ya kuunganishia amplifaya. Mwaka 2008, Stereophile, jarida la Marekani linalochambua vyombo vya maelfu ya dola, liliusifu mlio wake.

Si kwamba hauna ila. Reli ya plastiki ibebayo jicho la kusomea sidii huchakaa, nyimbo zikaanza kurukaruka. Hata hivyo, msomaji, kabla hujautupa mtambo uliosahauliwa stoo, uunganishe kwanza, usikilize. Pengine anasa unayoikopea fedha dukani imelala nyumbani mwako, imefunikwa vumbi.