Mali bila daftari: programu huria na wajibu wa shule zetu

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wenye maduka, lakini kwa maoni yangu yawahusu zaidi siku hizi vijana wanaojifunza kuandika programu za tarakilishi. Hapa Machakos, kama ilivyo kwingineko nchini, wanafunzi wa shule za upili, wa vyuo vya ufundi na wa Chuo Kikuu cha Machakos hubuni programu za kuweka rekodi za karo, za vitabu vya shule au za wagonjwa wa zahanati. Baadhi yao hutangaza kwa fahari kwamba kazi zao ni huria. Ninapowauliza uhuru huo umeandikwa wapi, na ni vipande gani vya watu wengine vilivyomo ndani yake, mara nyingi sipati jibu.

Programu huria si programu ya bure tu. Tangu Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, maana yake imekuwa kwamba mtumiaji ana ruhusa ya kuitumia, kuuchunguza msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Ruhusa hiyo haitoki hewani. Hutolewa na mwenye hakimiliki kwa maandishi yaitwayo leseni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 imeiweka programu ya tarakilishi katika fungu la kazi za fasihi, pamoja na riwaya na tamthilia. Kwa hivyo msimbo uliowekwa kwenye intaneti bila leseni haujawa mali ya umma, kama vile riwaya iliyoachwa juu ya meza haijawa mali ya kila apitaye.

Hapa ndipo linapoingia suala la maktaba. Waandishi wa programu hulitumia neno hili kwa maana ya pekee: fungu la msimbo ulioandikwa na wengine, ambalo mtu hulichukua na kulitia katika kazi yake ili asianze kila jambo upya. Anayetaka programu yake ichore jedwali au ichape risiti hana haja ya kubuni njia mpya. Huo ni ushirika mwema, na sisi wa Ukambani tunaujua kwa jina la mwethya. Matuta yaliyookoa udongo wa vilima vyetu yalichimbwa kwa mikono mingi. Hata hivyo, mwethya haukuwahi kufuta mpaka wa shamba la mtu, wala aliyekuja kusaidia hakuondoka na jembe la mwenzake.

Leseni nazo hazifanani. Zile za MIT na BSD hudai machache: jina la mwenye kazi na maneno ya leseni yasifutwe. Ile ya Apache, toleo la 2.0 la mwaka 2004, huongeza masharti kuhusu hataza. GPL hudai zaidi, kwamba atakayeisambaza kazi iliyojengwa juu ya msimbo wake aisambaze kwa leseni iyo hiyo na kutoa msimbo wote. Kila moja ni halali, lakini si zote zinazopikika katika chungu kimoja. Chukua mwanafunzi anayeijenga programu yake juu ya msimbo unaokubali toleo la 2 la GPL pekee, kisha akatia maktaba yenye leseni ya Apache 2.0. Shirika la Free Software Foundation limeeleza bayana kwamba mbili hizo hazipatani. Ni toleo la 3 la GPL, lililotolewa mwaka 2007, lililoondoa kikwazo hicho. Mwanafunzi huyo aweza kuitumia programu yake chumbani mwake bila tatizo. Siku atakapoigawa kwa shule jirani, atakuwa ametoa kitu asichokuwa na haki ya kukitoa.

Tunao mfano mwema papa hapa Kenya. Mfumo wa rekodi za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianza kubuniwa mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa wataalamu wa Indiana, Marekani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Moi, na ukaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Umejengwa juu ya maktaba za watu wengine, zikiwemo Spring, yenye leseni ya Apache, na Hibernate, ambayo kwa miaka mingi ilitolewa kwa LGPL. Leseni ya kwanza ya OpenMRS ilitokana na toleo la 1.1 la leseni ya Mozilla, ambalo halikupatana na GPL. Baadaye mradi ukahamia toleo la 2.0, lililotolewa mwaka 2012 na kuandikwa kwa namna inayoruhusu upatano huo, ukaongeza onyo linalohusu matumizi ya hospitali. Ni kwa sababu masharti haya yako wazi ndipo mfumo wa KenyaEMR ulipoweza kujengwa juu ya kazi hiyo na kuingia katika vituo vya afya vya umma, bila mtu kuuliza ni mali ya nani.

Najua pingamizi litakalotolewa. Ni nani atakayefunga safari kutoka ng'ambo aje kumshtaki mwanafunzi wa Machakos? Yamkini hakuna. Lakini tusidhani kwamba leseni huria ni maneno matupu. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya Jacobsen na Katzer, iliamua kwamba masharti ya leseni ya namna hii yanalindwa na sheria ya hakimiliki. Kesi hiyo ilihusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea, na kosa lililolalamikiwa lilikuwa kuchukua mafaili na kuondoa majina ya walioyaandika.

Isitoshe, hasara kubwa si kushtakiwa. Hasara ni kwamba kazi njema ya kijana haitapokewa. Mradi mkubwa hauwezi kuukubali msimbo usiojulikana asili yake, na hospitali yenye busara haitautegemea. Tena, kijana anayefuta jina la mwingine leo atadai kwa kinywa gani lake lisifutwe kesho?

Daftari lina faida nyingine. Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kasoro ya hatari katika Log4j, maktaba ndogo ya kuandika kumbukumbu za matukio katika programu. Mashirika mengi ulimwenguni yalihangaika kwa sababu hayakujua kama yalikuwa nayo, kwani ilikuwa imeingia ikiwa imebebwa na maktaba nyingine. Aliyekuwa na orodha alijua mara moja pa kuziba ufa.

Basi na tufanye nini? Kwanza, mradi wowote na uchague leseni siku ya kwanza, na maandishi yake kamili yawekwe pamoja na msimbo. Kuchelewa kuna gharama, kwani kila mchangiaji hubaki na hakimiliki ya alichoandika, na kubadili leseni baadaye huweza kuhitaji idhini ya wote, hata waliokwisha kuhitimu na kutawanyika. Pili, kabla ya kutia maktaba yoyote, mwanafunzi ajiulize: nina haja nayo kweli? Leseni yake yapatana na yangu? Yuko anayeitunza? Tatu, aandike katika daftari jina la maktaba, toleo, ilikotoka, leseni na tarehe, pamoja na zile zilizobebwa ndani yake. Nne, daftari hilo lipitiwe kila muhula.

Kwenu walimu wenzangu nina ombi moja. Mtahiniwa wa somo la Tarakilishi katika KCSE hutakiwa kuwasilisha mradi wake mwenyewe. Tunapomwongoza, tumfundishe kutenga ukurasa mmoja wa kutaja alichokiandika na alichokiazima, kwa ruhusa gani. Hatumruhusu mwanafunzi wa fasihi anukuu bila kumtaja mtunzi. Kwa nini tumwachie wa tarakilishi? Ukurasa huo hauhitaji umeme wala mashine mpya, na hata shule iliyo na tarakilishi tatu inaweza kuanza nao muhula huu. Vijana wetu wana akili ya kujenga vitu vitakavyotumika mbali na Machakos. Tusiwaache wavijenge juu ya ardhi isiyo na hati.