Kidonge cha kila siku kwa miaka: namna ya kutumia vizuri dawa ya kansere ya titi



Katika makanisa yetu kuna akina mama waliopasuliwa kansere ya titi. Wamemaliza matibabu makubwa na wamerudi nyumbani na kisanduku kidogo cha vidonge. Daktari amewaambia wanywe kila siku kwa miaka 5. Mwaka wa kwanza wanafuata. Mwaka wa pili nguvu zimerudi, kidonda kimepona, pesa ya nyumba ni kidogo, na kisanduku kinaachwa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu dawa hii kazi yake ni kumlinda mtu anayejisikia mzima. Tunaandika haya ili mgonjwa, jamaa yake na wachungaji waelewe kwa nini isikatizwe, na namna ya kuitumia bila kujiumiza.

Dawa yenyewe na kazi yake

Jina lake ni tamoksifeni. Kwenye kisanduku utasoma Tamoxifène kwa Kifaransa, ao Tamoxifen kwa Kiingereza. Si dawa ya majaribio: ilikubaliwa Uingereza mwaka 1973 na Marekani mwaka 1977, na OMS inaihesabu kati ya dawa za lazima.

Kansere nyingi za titi zinakua kwa msaada wa homoni inayoitwa estrojeni. Chembe za kansere hizo zina kitu kama kufuli, na estrojeni ni ufunguo wake. Tamoksifeni inaingia kwenye kufuli na kuiziba, ufunguo haupati tena nafasi. Lakini si kila kansere ya titi ina kufuli hiyo. Kinachoonyesha ni kipimo cha laboratware kwa kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe. Kama jibu linasema vipokezi vya homoni vipo, dawa inasaidia. Kama havipo, haisaidii kitu. Ndiyo maana mtu asiende kuinunua famasi kwa sababu amegusa uvimbe tu, wala asimpe jirani vidonge vilivyobaki.

Kwa wenye vipokezi, faida ni kubwa. Uchunguzi uliokusanya habari za maelfu ya wanawake umeonyesha kwamba miaka 5 ya dawa hii inapunguza vifo vya kansere ya titi karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Ulinzi huo unaendelea hata baada ya kuacha vidonge, lakini anayeukuta ni yule aliyemaliza muda wake. Kwa wagonjwa wengine daktari anaweza kuongeza mpaka miaka 10. Wanaume wachache wanaopata kansere ya titi nao wanaitumia.

Namna ya kunywa

Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa siku, mara moja. Angalia vizuri namba iliyoandikwa kwenye kisanduku. Kuna vidonge vya miligramu 20, na hapo unakunywa kimoja. Kuna pia vya miligramu 10, na hapo vinatakiwa viwili. Mtu akibadilisha famasi anaweza kupewa kisanduku cha aina nyingine, akaendelea kuhesabu kama zamani, akajikuta anakunywa nusu ao mara mbili. Kunywa zaidi ya kipimo hakuleti kupona haraka.

Chagua saa moja isiyobadilika, kwa mfano baada ya sala ya asubuhi. Unaweza kunywa ukiwa umekula ao hujala. Kwa hiyo siku za kufunga si sababu ya kuruka kidonge: maji kidogo yanatosha kukimeza.

Ukisahau, kunywa siku ile ile unapokumbuka. Kama siku imekwisha pita, endelea na kidonge cha leo tu, usiongeze mara mbili. Dawa hii inakaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo siku moja iliyokosekana isikutie hofu. Kinachoharibu ni majuma na miezi.

Weka vidonge pakavu, mbali na jua na jiko, mahali watoto hawafiki.

Mimba na kunyonyesha

Dawa hii inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama anayeitumia asishike mimba wala asinyonyeshe. Akina mama wengine wanaona hedhi imesimama wakidhani hawawezi tena kuzaa. Si hivyo: hedhi inaweza kusimama na mimba ikaingia. Njia za uzazi wa mpango zenye homoni, yaani vidonge, sindano ya miezi 3 na kijiti cha mkononi, hazifai kwa mwenye kansere hii. Kuna kondomu, na kuna kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Mke na mume wamuulize daktari pamoja. Hata baada ya kumaliza vidonge, kuna miezi ya kungoja kabla ya kutafuta mtoto. Daktari ndiye atakayetaja siku.

Yanayosumbua na yanayotisha

Yanayosumbua ni joto la ghafla mwilini, jasho la usiku, kichefuchefu, hedhi kuchanganyikana, uke kuwa mkavu ao kutoa majimaji, na huzuni. Mengi yanapungua na muda. Usiache dawa kwa sababu hiyo kabla ya kuongea na daktari. Waume, mkeo akigeuka baridi kitandani ao akiamka usiku ameloa jasho, huyo hajakukataa. Ni dawa.

Yanayotisha ni machache na hayapati watu wengi, lakini kila mtu nyumbani ayajue:

- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa nyuma ya goti na chini yake. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa.
- Kifua kuuma ghafla, pumzi kukata, kukohoa damu.
- Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kupotea.
- Damu kutoka ukeni kwa mama aliyekwisha acha kupata hedhi, hata matone, ao damu isiyo ya kawaida kwa anayeipata bado. Dawa hii inaongeza kidogo hatari ya kansere ya tumbo la uzazi, na ikigunduliwa mapema inatibiwa.
- Macho kuanza kuona ukungu.

Matatu ya kwanza ni ya kukimbia hopitali saa ile ile, hata usiku. Mawili ya mwisho, usivuke juma bila kuonwa. Aliyewahi kugandwa na damu zamani amwambie daktari kabla ya kuanza. Anayesafiri mbali, kama wale wanaovuka Kasindi kwenda Kampala kwenye Taasisi ya Kansere ya Uganda, ashuke gari linaposimama, atembee kidogo na anywe maji. Kabla ya upasuaji wowote, sema kwamba unatumia tamoksifeni.

Dawa zingine

Usichanganye bila kuuliza. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, inapunguza nguvu ya tamoksifeni. Dawa zingine za huzuni, kama fluoksetini na paroksetini, zinaizuia kufanya kazi. Warfarini, ya kuzuia damu kuganda, inakuwa kali kupita kiasi zikikutana. Ukipata malaria utibiwe, lakini kwanza muonyeshe muuguzi kisanduku chako, ili achague dawa inayokufaa. Na miti shamba unayokunywa, itaje bila haya.

Tunapolazimika kukimbia

Tangu Oktoba 2014 mauaji upande wa Beni yamehamisha familia nyingi, na zingine zaidi ya mara moja. Mgonjwa wetu ajitayarishe kabla. Vidonge vikae pamoja na kadi ya uchaguzi, mahali pa kunyakua haraka. Jibu la laboratware na karatasi ya daktari vipigwe picha kwenye simu, na picha itumwe kwa ndugu aliye mji mwingine. Kama pesa inaruhusu, nunua kisanduku kingine kabla ya kile cha kwanza kuisha. Usikate vidonge nusu ili vidumu: nusu ya kipimo si kipimo. Na kama dawa ilikatika njiani, usikate tamaa. Anza tena unapoipata, kwa kipimo kile kile, na umjulishe daktari.

Kanisa lifanye nini

Kuna neno linaloumiza watu wetu: kwamba aliyeombewa akiendelea kunywa dawa hana imani. Tusome 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua, akaomba, akalia. Bwana alimsikia na kumwahidi miaka 15. Baada ya ahadi hiyo, nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikwisha tolewa, na dawa ikawekwa. Hezekia hakuikataa ili kuonyesha imani.

Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, tulijifunza kwamba neno la mimbarini linaweza kuokoa ao kupoteza. Kwa hiyo mchungaji asimwambie mgonjwa kuacha dawa. Amwombee, kisha amuulize: je, vidonge vipo? Kikundi cha akina mama kimpe kila mgonjwa dada mmoja wa kumkumbusha na kumsindikiza hopitali. Mashemasi wanapogawa sadaka ya wahitaji, wafikirie pia bei ya kisanduku cha mwezi ujao, hata kama mama huyo anaimba kwenye kwaya na anaonekana mwenye afya.

Mama unayesoma haya, mwezi huu hesabu vidonge vyako. Kama vimebaki vya juma moja tu, ongea na mtu leo. Bwana akutie nguvu, siku moja na kidonge kimoja kwa wakati wake.