Neno Moja Katika Daftari la Nyanya

Juma hili nilikusudia kuzungumza nanyi tena juu ya vina na mizani, kwani barua mlizoniletea ni nyingi na baadhi yake ni kali kama pilipili. Lakini limenipata jambo nyumbani mwangu ambalo naona ni haki nilieleze kwanza, kwa sababu lahusu mjadala huo huo, na kwa sababu aliyekosa ni mimi.

Wanijuao waijua desturi yangu ya kusoma. Baada ya sala ya Alfajiri sirudi kulala. Nasoma nyuradi zangu, kisha nafungua kitabu, mpaka harufu ya mahamri inijulishe kwamba chai i tayari. Kurasa nne au tano zanitosha. Penseli haiachani na mkono, na neno nisilolijua naliandika pambizoni. Na shairi silisomi kimya hata siku moja, maana shairi ni la sikio. Tabia hii nilitoka nayo chuoni, tulikoanza alifu kwa ujiti, mwalimu akisoma nasi tukimwitikia, na aliyeiharibu herufi akarejeshwa mwanzo.

Miongoni mwa vitabu vyangu mna daftari la marehemu nyanya yangu, mzaa baba. Ameandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, beti za kuwausia wanawe, jambo ambalo wanawake wa pwani wamelijua tangu Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Daftari lilinifikia nikiwa kijana wa miaka ishirini, na nyanya alikwisha kutangulia mbele ya haki.

Katika ubeti mmoja anausia juu ya mtoto. Neno lenyewe lina mimu, be na dali, na kasra chini yake. Mimi nililisoma «mpinde».

Asiyekisoma Kiswahili kwa herufi hizi yafaa aelezwe kidogo. Waandishi wetu wengi wa kale walizichukua herufi za Kiarabu kama zilivyo. Kiarabu hakina herufi ya P, wala hakina alama za E na O. Basi P ikaandikwa kwa be, E ikaandikwa kwa kasra sawa na I, na O kwa dhumma sawa na U. N iliyo mbele ya D mara nyingi haikuandikwa kabisa. Kwa hivyo «bata», «pata» na «mbata» huweza kuandikwa kwa namna moja, na «kuku» akafanana na «koko». Baadaye walitokea wataalamu waliobuni alama za kuzitenga sauti hizo, lakini nyanya aliandika kama alivyofundishwa.

Basi nikasoma «mpinde», na hoja nikawa nayo: samaki mkunje angali mbichi. Nikampinda mwanangu. Sikufanya kwa uovu, lakini bakora ilikuwa karibu, na neno jema lilikuwa mbali. Kila mamake aliponizuia nilimjibu kwamba huo ni wasia wa wazee, nikamwonyesha na daftari. Kijana alipokua akaenda Dubai kutafuta riziki. Akipiga simu huzungumza na mamake saa nzima. Mimi hunishika mkono kwa maneno, akaniuliza afya yangu, basi.

Mwezi uliopita shangazi yangu, kitinda mimba wa nyanya, alikuja kukaa nasi. Macho yamemtupa mkono lakini akili ni timamu. Alfajiri moja nikamsomea beti za mamake. Nilipofika pale akainua kidole.

«Rudia, baba.»

Nikarudia. Akacheka, kisha hakucheka tena.

«Mama hakusema mpinde. Alisema mpende. Akituimbia hivyo tukisuka ukili.»

Akausoma ubeti wote kwa moyo, na ule uliofuata pia, ambao katika daftari umeliwa na mchwa. Huo wasema kwamba mtoto apendwaye haisahau njia ya kwao.

Sasa turudi katika mjadala wetu. Tangu Euphrase Kezilahabi alipoitoa Kichomi mwaka 1974, na watunzi wengine wakamfuata kuandika mashairi yasiyofungwa na vina, mimi nimesimama upande wa Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezipanga sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954. Nimeandika mara nyingi kwamba vina na mizani ni walinzi wa shairi, neno likipotea hulirudisha mahali pake. Hilo naliamini hata leo. Lakini safari hii walinzi walilala. Mpinde na mpende, kina ni kile kile, na mizani ni mitatu hapa na mitatu pale. Kilicholiokoa neno ni kinywa cha bibi kizee asiyeona.

Wako watakaosema kwamba herufi za Kirumi zingaliniokoa. Kwa neno hili, kweli. Lakini maandishi ya Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ulichaguliwa kuwa Kiunguja katika mkutano uliofanyika hapa Mombasa mwaka 1928, nayo hayaitengi T ya meno na T ya ufizi, tofauti ambayo kila mtoto wa Mvita aliilewa kwa maziwa. Kila hati ina tundu lake, na pale penye tundu hapana budi asimame mtu.

Tazameni Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake mengi yangalipotea lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah hangaliyakusanya vinywani mwa watu wa Mombasa, akishirikiana na Mchungaji W. E. Taylor. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, miaka mia baada ya mwenyewe kuzikwa. Walioyabeba mashairi kabla ya hapo ni ndimi za watu.

Kwa hivyo nawaomba jambo moja. Mwenye daftari la wazee sandukuni, na nyumbani mna mzee, msikae mkibishana nami juu ya vina mpaka mzee huyo awe amesikilizwa. Yeye asome kwa moyo, na mtoto aandike, kwa herufi zozote azijuazo.

Mimi neno la nyanya sikulifuta. Nimeandika pambizoni kwa penseli namna lisomwavyo, na jina la aliyenisahihisha. Na Ijumaa, baada ya sala, nilimpigia mwanangu mimi mwenyewe. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia nimekosea kusoma, nikamsomea ubeti neno likiwa mahali pake. Alinyamaza kitambo hata nikadhani simu imekatika.

Kisha akasema, «Nisomee tena, baba.»

Nikamsomea tena. Barua zenu za vina nitazijibu juma lijalo, inshallah.