Mtoto Mwenye Kipawa na Ugomvi wa Darasani

Walimu wengi hudhani kuwa mtoto mwenye kipawa, kwa kuwa anajibu hesabu upesi, atajua pia kupatana na wenzake. Sivyo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leta Hollingworth (1886–1939), aliwachunguza watoto wenye akili nyingi mno akaona kwamba mara nyingi hukosa wenzi. Mtoto wa namna hiyo akiachwa hivyo, huficha kipawa chake au hubaki peke yake.

Hesabu ina jibu moja, lakini ugomvi una watu wawili. Mtoto aliyezoea kupata hushika jibu lake la kwanza na kulitetea. Ndiyo maana tunapendekeza kanuni aliyoieleza Alex Osborn mwaka 1953: mawazo mengi kwanza, hukumu baadaye. Katika miaka ya 1970, Myrna Shure na George Spivack waliwafundisha watoto wa miaka minne kutafuta njia nyingine na kufikiri matokeo yake, badala ya kupewa jibu na mwalimu.

Tuchukue mfano. Katika kazi ya kikundi, mtoto mmoja anaandika yote peke yake. Wenzake wanakataa kukaa naye. Mwalimu asiamue, bali awaongoze hivi:

1. Kila upande ueleze lalamiko la upande wa pili, mpaka wenyewe wakubali, "Ndivyo."
2. Wote wataje njia kumi, hata za kuchekesha, bila kupingana.
3. Waulizane kila njia itamfaa nani na itamuumiza nani.
4. Wachague moja, waijaribu wiki moja, kisha waipime.

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu zaidi kwa mtoto mwenye kipawa, maana hutumia ulimi wake kushinda. Asifiwe kwa kumwelewa mwenzake, si kwa kumshinda.

Hapo ndipo somo letu linapoingia. Wanafunzi wetu wengi hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, na mazoezi ya -nge- na -ki- huwachosha. Katika usuluhishi maumbo hayo hupata kazi: "Tungegawana kurasa, kila mtu angeandika", "Ukisoma wewe, mimi nitachora."

Walimu wanafunzi mnaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, jaribuni hatua hizi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoto mwepesi naye afundishwe kuziona za wenzake.