Binti wa Katuni Anaongea Kiasi Gani?

Nauza mabegi ya shule Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwezi wa kwanza, shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi hukagua zipu na mikanda; watoto macho yao yako kwenye picha. Msimu uliopita baba mmoja alimchagulia bintiye begi jeusi, eti halishiki uchafu. Mtoto akaligeuza mbele na nyuma, akanyoosha kidole juu: "Baba, nataka lile la Elsa." Baba akanigeukia: "Dada, Elsa ndiyo nani tena?"

Nilimjibu kifupi, maana wateja walikuwa wengi. Jibu refu ni hili.

Mabinti wa katuni za zamani kazi yao ilikuwa kungoja. Snow White, wa mwaka 1937, anawapikia na kuwafagilia vibete saba, halafu analala mpaka mwanamume aje kumbusu. Ariel, nguva wa mwaka 1989, ana ujasiri, lakini anampa mchawi sauti yake ili apate miguu ya kumfuata mwanamume. Watetezi wa haki za wanawake wamelipigia kelele jambo hilo kwa miaka mingi.

Elsa alikuja mwaka 2013 katika filamu ya Frozen, ambayo mmoja wa waongozaji wake wawili ni mwanamke, Jennifer Lee. Elsa ni malkia na haolewi. Mdogo wake, Anna, anakubali posa ya kijana aliyekutana naye siku hiyohiyo, kumbe tapeli! Uchawi wa kwenye hadithi hiyo unavunjwa na mapenzi ya ndugu kwa ndugu, si busu la mwanamume.

Hapo ningepiga makofi, ila mwaka 2016 wanaisimu wawili wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu nani anaongea. Katika filamu ya Ariel, wanaume walichukua asilimia 68 ya mazungumzo. Katika Frozen, yenye mabinti wawili mbele, wanaume bado wana asilimia 59. Cinderella ya mwaka 1950, tunayoiita ya kizamani, iliwapa wanawake asilimia 60! Mabinti wapya wamepewa ushujaa, lakini wamezungukwa na wanaume: mwenye duka, askari, hata mchekeshaji wa pembeni.

Mimi hilo ndilo linalonishangaza. Kariakoo mama lishe anaita wateja, muuza vitenge anabishana bei, mwenzangu wa duka la pili yuko kwenye simu na wakala wa mzigo Guangzhou. Soko gani hilo la kwenye filamu lisilo na sauti za wanawake?

Lakini hapahapa Dar es Salaam, shirika la Ubongo linatengeneza Akili and Me, katuni inayopatikana kwa Kiswahili, na mhusika mkuu ni msichana wa miaka minne anayeuliza na kujifunza. Mzazi, ukiwasha katuni yoyote, usimwachie mtoto skrini ukaondoka. Kaa naye, mhesabu pamoja wanawake wanaoongea, kisha muulize wamesema nini.