Kibaba Kinavyojaza Ghala

Jumamosi moja asubuhi niliandika mtandaoni swali la mstari mmoja: kwenu sokoni unga na maharage hupimwa kwa chombo gani, na chombo hicho kinaitwaje? Nilikuwa na makala ya blogu iliyokwama kwa wiki tatu, juu ya vipimo vya sokoni. Nilishaandika mengi kuhusu kibaba na pishi, namna vibaba vinne vinavyofanya pishi moja, na nilidhani kazi imekaribia kwisha.

Kufikia adhuhuri msomaji wa Moshi alikuwa ameniambia kwamba kwao ni sado, kopo la lita nne ambalo zamani lilikuwa la rangi. Wa Nakuru akaniletea gorogoro, lile bati la kilo mbili za mahindi. Kisha mama mmoja wa Mbeya akaligeuza swali lenyewe. Alinieleza kwamba jina la kopo halina uzito sana. La kuangalia ni mkono wa muuzaji: je, analijaza hadi lifanye kilima, au anapitisha kiganja juu na kulisawazisha? Sentensi zake mbili ziliikwamua makala. Nilikuwa naandika historia ya vyombo, kumbe habari yenyewe ilikuwa ya mikono inayovishika.

Tangu siku hiyo nimeacha kuyaona maandishi mafupi kuwa adui wa blogu. Wenzangu wengi bado wanayaona hivyo. Wanasema maikroblogu, yaani uandishi wa sentensi moja au mbili unaochapishwa papo hapo, umewanyang'anya wasomaji na muda. Malalamiko yao yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, naamini maandishi mafupi yana thamani kubwa kwa mwanablogu anayejua kazi ya kila kimoja: andiko fupi ni kibaba cha kupimia na kuchotea, blogu ni ghala la kuhifadhia. Matatizo huanza pale mtu anapovichanganya viwili hivyo.

Kihistoria blogu na maikroblogu ni ndugu wa karibu. Evan Williams, mmoja wa walioanzisha huduma ya Blogger mwezi Agosti 1999, ndiye huyohuyo aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Twitter mwaka 2006. Ukomo wa herufi 140 ulitokana na meseji za simu. Meseji moja ilibeba herufi 160, Twitter ikatenga 20 kwa ajili ya jina la mwandishi, na zilizobaki akaachiwa yeye. Hizo 160 nazo zina asili yake. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa na taipureta akiandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi zake, akaona kwamba nyingi zinaenea ndani ya kiasi hicho. Mwaka 2017 Twitter, ambayo sasa inaitwa X, iliongeza ukomo hadi 280. Bluesky inatoa 300, na Mastodon kwa kawaida 500.

Faida ya kwanza kwa mwanablogu ni ile niliyoipata sokoni: kuonja kabla ya kupakua. Makala ndefu huandikwa upweke. Ukikosea msingi, utagundua baada ya kujenga nyumba nzima. Wazo likitangulizwa kwa sentensi mbili, wasomaji watakuonyesha mapema panapovuja. Lakini lazima liwe wazo lenye mlango wazi. Ukiandika kwamba vipimo vya sokoni ni tatizo kubwa, watu watakubali na kupita. Ukiuliza kopo la kwao linaitwaje, kila mtu ana jibu, na katika majibu hamsini mawili au matatu yatakufundisha usichokijua.

Faida ya pili ni kupata mahali pa kuweka mabaki. Kila anayefanya utafiti anajua uchungu wa kisa kizuri kisichoingia kwenye makala. Mwandishi Teju Cole, Mnigeria na Mmarekani, alituonyesha la kufanya. Kitabu chake cha kwanza, Every Day Is for the Thief, kilianza kama blogu juu ya kurudi Lagos. Baadaye, akikusanya habari za kitabu kingine kuhusu jiji hilo, aliona magazeti ya Nigeria yamejaa visa vidogo vya ajali, wizi, mapenzi na visasi, ambavyo havikuwa na nafasi katika kitabu hicho. Mwaka 2011 akaanza kuvitoa Twitter, kila kisa kikiwa sentensi iliyonyolewa, chini ya jina Small Fates. Alifuata nyayo za Félix Fénéon, aliyeandika habari za mistari mitatu katika gazeti la Le Matin la Paris mwaka 1906. Cole hakuwa akipoteza muda. Mabaki ya kazi ndefu yalizaa kazi nyingine yenye umbo lake.

Faida ya tatu, kujifunza kubana maneno, inatuhusu sana sisi tunaoandika Kiswahili. Wakulima wa Tanzania wanaijua lumbesa: gunia lililojazwa, likashindiliwa, likaongezewa kilemba juu, ili mnunuzi abebe zaidi ya alicholipia. Wakala wa Vipimo umeipiga vita kwa miaka. Uandishi wetu nao una lumbesa yake. Tunaandika "katika kipindi hiki cha sasa" tukimaanisha "sasa". Tunaandika "kufanya mazungumzo na" wakati "kuzungumza na" ipo, "kutokana na ukweli kwamba" mahali pa "kwa kuwa". Chukua sentensi hii, ambayo niliwahi kuichapisha kwenye blogu yangu: "Wafanyabiashara wadogowadogo wamekuwa wakikabiliwa na changamoto ya kutokuwa na uwezo wa kumudu gharama za kununua mizani." Siku nilipotaka kuituma kama andiko fupi, ilibaki hivi: "Wauzaji wadogo hawamudu bei ya mizani." Hakuna kilichopotea. Kimeondoka kilemba tu, na msomaji ameliona gunia lenyewe.

Na lugha yetu imejaliwa kwa kazi hii. Neno moja kama "hawatatupimia" limebeba ukanushi, mtenda, wakati ujao, mtendewa na kauli ya kutendea. Anayejizoeza kubana maneno kila siku hurudi kwenye makala yake ndefu na jicho kali zaidi. Mimi naliona hilo katika rasimu zangu: aya zimepungua, hoja zimebaki palepale.

Sasa nije kwenye hatari, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tumeumia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiandika vidokezo vya majina ya sokoni kwenye mtandao mmoja mdogo, karibu kila siku, kwa miaka miwili. Sikuweka nakala. Ulipofungwa, tangazo lilikuja kwenye barua pepe niliyokuwa siifungui tena, nami nikajua baada ya muda wa kuchukua maandishi kupita. Nilipoteza mamia ya vidokezo, pamoja na majibu ya watu ambao sitawapata tena.

Kisa changu si cha peke yake. Posterous, iliyopendwa na wanablogu wengi kwa urahisi wake, ilizimwa Aprili 2013, mwaka mmoja baada ya kununuliwa na Twitter. Mtandao wa Koo wa India ulifunga milango mwaka 2024. Hata mtandao unapobaki hai, njia ya kuufikia inaweza kukatwa: Nigeria ilifungia Twitter kuanzia Juni 2021 hadi Januari 2022. Mwaka 2023, Twitter ilipoanza kutoza kwa matumizi ya milango yake ya kiufundi, ile ambayo programu nyingine hupitia, programu nyingi zilizokuwa zikisambaza huko makala za blogu kiotomatiki zilikoma.

Ghala la nyumbani nalo lina gharama zake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wasajiliwe na kulipia leseni, na wapo waandishi wadogo walioacha kwa kushindwa gharama. Kwa hiyo simlaumu anayeandika kwenye mitandao ya maandishi mafupi pekee. Ninachomwomba ni nakala. Mwenye blogu aandike kwake kwanza, kisha asambaze kwingine na kiungo cha kurudi nyumbani. Asiye na blogu aweke faili kwenye simu, na mara moja kwa mwezi aombe nakala ya maandishi yake kwenye mitandao inayotoa huduma hiyo. Mimi nina desturi ya Jumapili jioni: napitia niliyoandika wiki nzima, nanakili yenye uhai pamoja na majibu bora, na kuyapanga kwa mada. Mada ikishapata vidokezo kumi, najua makala imeiva.

Desturi hii ya kuandika kwa ufupi kisha kuhifadhi tumeirithi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliandika sana beti za mistari minne: za siasa, njaa, mapenzi, na za kujibizana na washairi wenzake. Ubeti wa mizani 16, yaani silabi 16, kwa kila mstari una mizani 64, na ukiuandika wote unakaribia kabisa ukubwa wa meseji moja ya simu. Wakati wenzake wengi waliandika tenzi ndefu za dini, yeye alilipeleka shairi barazani na sokoni, mahali pa kujibiwa. Lakini beti hizo tunazisoma leo kwa sababu watu waliziweka moyoni, na miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya kutoka vinywani mwao, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani ikachapishwa mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya mshairi kufariki.

Muyaka alimpata Sikujua. Sisi tunaoandika kwenye simu inatubidi tuwe Muyaka asubuhi na Sikujua jioni. Maelezo ya mama wa Mbeya sasa yamo kwenye blogu yangu, katikati ya makala ya vipimo, kwa ruhusa yake na pamoja na tarehe aliyoyaandika. Mtandao alikonijibu ukizimwa kesho, funzo lake la kilima na kiganja litabaki, na mtu mwingine atalichota.