Kura Isiyopigwa: Rais Anapoomba Awamu ya Pili kwa Wananchi Waliochoka

Wafadhili wetu walio Marekani hutuandikia kwamba kwao watu wengi wamechoshwa na vyama vyote viwili vikubwa, Democrats na Republicans. Hata hivyo rais aliye madarakani anaweza kurudi. Mwaka 2012 Barack Obama alipata kura zipatazo milioni 65.9, pungufu ya zile milioni 69.5 za mwaka 2008, na bado akashinda. Wanatuuliza: je, huko Bariadi hali kama hiyo mnaijua? Kamati za parokia nazo hutuuliza jambo lililo jirani na hilo: mwananchi aliyechoka akikaa nyumbani siku ya kura, anamkomoa nani?

Hali hiyo tunaijua, na mfano ulio wazi kuliko yote ni uchaguzi wa mwaka 2010. Sisi si chama wala hatumpigii mtu debe. Mwenye kadi yake mfukoni asome kwa amani.

Rais Jakaya Kikwete wa CCM aliingia madarakani Desemba 2005 kwa ahadi ya maisha bora kwa kila Mtanzania. Alipata kura milioni 9.1, yaani asilimia 80. Kisha mambo yakawa mengi. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la umeme wa Richmond. Mwaka huo huo taifa zima lilizungumzia fedha za EPA, shilingi bilioni 133 zilizochotwa Benki Kuu. Hapa kwetu, Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi, aliacha uwaziri wa Miundombinu Aprili 2008 baada ya kutajwa katika uchunguzi wa ununuzi wa rada kutoka Uingereza; alikana kosa na hakushitakiwa kwa jambo hilo. Lakini kwa mkulima wa Bariadi kubwa kuliko yote lilikuwa pamba. Msimu wa 2008/2009 bei katika soko la dunia ilianguka, na mwaka 2009 Serikali ikatenga fedha kufidia hasara za wanunuzi. Mkulima aliyeuza kilo zake kwa bei ya kutupa alisikia habari za fidia redioni tu.

Tarehe 31 Oktoba 2010, siku ya Jumapili, watu wakaitwa tena kupiga kura. Rais Kikwete alishinda kwa asilimia 61. Ukitazama asilimia hiyo peke yake utasema alipungukiwa kidogo. Tazama idadi ya watu. Kura zake zilishuka kutoka milioni 9.1 hadi milioni 5.3, ingawa walioandikishwa walikuwa wameongezeka kutoka milioni 16.4 hadi zaidi ya milioni 20. Wapinzani wote kwa pamoja waliongeza kura zisizofika milioni moja, nyingi zikiwa za Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA. Kwa hiyo kura karibu milioni tatu zilizokuwa za Rais mwaka 2005 hazikwenda kwa yeyote. Waliojitokeza walikuwa asilimia 42 tu ya walioandikishwa, wakati mwaka 2005 walifika asilimia 72.

Ni haki kusema kwamba si wote hao walisusa. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandaliwa mwaka 2004, na majina ya marehemu na waliohama yalibaki humo. Huku kwetu Usukumani jambo hili ni zito, maana familia nyingi zimehama na mifugo kwenda Rukwa, Katavi, Mbeya na Morogoro. Mtu yuko Mpanda, jina lake liko Bariadi. Huyo huhesabiwa kuwa hakupiga kura.

Wengine husema wakulima walikuwa shambani. Hoja hiyo hatuikubali. Uchaguzi wa 2005 uliahirishwa hadi tarehe 14 Desemba kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA, na katikati ya Desemba ndipo watu wetu wanamalizia kupanda pamba. Waliacha majembe wakaenda. Mwishoni mwa Oktoba kazi ni kusafisha mashamba na kungoja mvua, na bado wengi hawakwenda. Tunaamini kuwa uchovu ulikuwapo.

Si wote waliochoka waliokaa nyumbani. Mpiga kura hupewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, na halazimiki kufuata chama kimoja katika zote. Bariadi Mashariki walimrudisha John Cheyo wa UDP, chama kidogo ambacho mwaka huo hakikusimamisha mgombea urais. Bariadi Magharibi walimrudisha Chenge wa CCM pamoja na yote yaliyosemwa. Maswa, majimbo yote mawili, na Meatu yalikwenda CHADEMA. (Wakati huo wilaya hizo zilikuwa mkoa wa Shinyanga, mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.) Aliyetaka kumkemea mbunge wake alikuwa na njia.

Katika karatasi ya urais njia ni nyembamba zaidi. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, mgombea urais hahitaji kuvuka nusu ya kura. Anatosha kuwazidi wenzake. Kwa hiyo anayekaa nyumbani hampunguzii mshindi kitu chochote kisheria. Asiyetaka chama chochote hana wa kumchagua, maana mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani tangu miaka ya 1990. Juni 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilimpa haki, lakini sheria haikubadilishwa.

Mwaka 2025 njia ilizidi kubana. CHADEMA haikushiriki baada ya kukataa kusaini maadili ya uchaguzi, na Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa wilayani Meatu, aliondolewa kugombea urais kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97, na siku ya kura, 29 Oktoba, yalitokea maandamano na watu wakapoteza maisha. Tuliwaombea, na tunaendelea kuwaombea.

Kwa kamati za parokia tuna ombi moja. Katika kila jumuiya andikeni waliofariki na waliohama tangu uandikishaji uliopita. Daftari litakapofunguliwa kwa maboresho, ndugu wa marehemu wasaidiwe kutoa taarifa, na waliohamia kwenu wasaidiwe kuhamisha majina yao kituoni.